Kiungulia Chako na Meno Yangu

Mjukuu wangu, mume wangu Shaibu,

Salamu nyingi toka Miteja. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako yuko shambani anaokota korosho, na shangazi yako kajifungua salama.

Umeniuliza kwa nini bibi mwenye mikorosho hatafuni korosho. Nitakujibu, mjukuu wangu, maana tangu mama yako aniambie nawe unaamka na uchachu mdomoni, sina raha.

Usichanani mwangu, kila Ramadhani kiungulia kilinikaba. Nikishakula daku najilaza palepale, naamka mdomo mchachu. Kwa kuogopa kunuka, nasugua meno kwa mkaa papo hapo. Yalipoanza kuuma kwa maji ya baridi, marehemu mama alilaumu mabibo, yale matunda ya mikorosho, akanikataza. Nikaacha mabibo, meno yakazidi kulika. Mganga wa zahanati akanichungulia nyuma ya meno, akauliza, "Ukishakula, unakaa muda gani ndiyo ulale?" Nilidhani ananitania. Kumbe tindikali ya tumboni ilikuwa inapanda nikilala, inalainisha meno, na mimi namalizia kwa mkaa.

Sisemi yako ndiyo hayo. Ila ukiamka na uchachu, sukutua kwa maji tu, mswaki usubiri kwanza. Na uende ukaangaliwe, baba, nakuomba.

Ile picha yenu ya Idd nimeitazama sana. Wenzako wote wamecheka meno nje, wewe umefumba midomo. Mimi nacheka hivyo tangu mama yako hajazaliwa.

Nitumie nyingine.

Bibi yako, Somoe