Ng'ombe Asiyekuwemo Kitabuni

Mpendwa mshauri Felisita,

Naomba msaada, na nianze na nililolificha: kwa miezi saba ninamsomea mjukuu wangu vitabu nisivyoviona. Presha ya macho imenibakishia vivuli tu, na hata barua hii ananiandikia Sylvester, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeapa kunyamaza. Nina miaka themanini na minne, naishi Bariadi kwa mwanangu Joakim, nilikuwa mwalimu na kisha mratibu elimu kata, kwa hiyo Joakim aliponunua vitabu vitatu vya watoto na kusema, "Baba, msomee Minza," niliona aibu kukiri, nikafungua kitabu, nikakohoa kidogo, nikaanza kubuni habari za dume la ng'ombe lenye madoa lililokataa kutolewa mahari, likatoroka kutoka Kimali hadi Nassa, kando ya ziwa, kujifunza kuvua samaki, na Minza akaipenda mno hadi kila alasiri analeta kitabu, ananiegemea na kusema, "Guku, soma," kama watoto wetu wanavyowaita babu zao.

Shida ni kwamba hasahau. Juzi aliuliza, "Guku, mbona jana ng'ombe alikuwa na madoa na leo ni mweusi?" Nikamjibu kitabu kimechapwa upya. Wiki iliyopita mama yake, Veronica, alipita na ndoo akasema, "Shikamoo baba, leo mnasoma dawa za pamba?" Kumbe nimeshika kijitabu cha bwana shamba. Nikasema, "Tuko kwenye utangulizi, mama."

Januari Minza anaingia darasa la kwanza. Akijua kusoma atajua mimi ni mwongo, hataniegemea tena, na alasiri hizi ndizo zilizonibakia. Daktari amesema moyo umechoka, nami nilipanga kufa kabla ya Januari, lakini kwa mwenendo wake naona unaweza kunivusha. Nifanye nini?

Mzee Dastan, Bariadi

*

Shikamoo, mzee wangu Dastan. Nimekwisha kukuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Mtoto anayekumbuka rangi ya ng'ombe wa jana amejifunza kusikiliza, kuhoji, na kujua kwamba maneno ya kitabuni hayabadiliki kwa usiku mmoja. Hayo ndiyo tunayotafuta tunapowasomea watoto kwa sauti, pamoja na hilo bega la kuegemea. Hapo hongera. Lakini Januari atakapomtafuta ng'ombe wake kwa kidole, mstari kwa mstari, asimwone, hatasema babu amedanganya. Atasema, "Mimi sijui kusoma." Wewe mwalimu unajua ilivyo kazi kumrudisha mtoto aliyeshaamini hivyo. Utamfanya ayatilie shaka macho yake mazima kwa sababu ya aibu ya macho yako?

Mwambie wiki hii, na wazazi wake wawepo. Kisha Sylvester aandike habari za ng'ombe huyo kwenye daftari kwa herufi kubwa, nawe uchague rangi moja. Vile vitabu vitatu avisome mwenye macho, wewe ukae hapohapo uulize maswali. Kufa kusubiri, una kazi.

Na jambo moja hukuniambia. Joakim anaona vizuri na vitabu alivinunua mwenyewe. Kwa nini hamsomei mwanawe? Muulize, kisha uniandikie.

*

Mshauri,

Nimemwambia. Minza aliuliza kama ng'ombe yupo kweli. Nikasema yupo, ila alikuwa kichwani mwangu, si kitabuni. Akasema, "Basi atolewe, aandikwe," akaenda kutafuta penseli. Bado ananiegemea.

Joakim nilimuuliza kama ulivyoagiza. Alikaa na kitabu mapajani, mtu wa miaka arobaini na mitano, akasema, "Baba, sijui pa kuanzia. Natumia sauti gani? Namweka wapi mtoto?"

Nikasema si jambo la kufundishwa, kila mtu huliona kwa baba yake.

Akasema, "Mimi nimeliona mwaka huu."

Nililea watoto saba katika nyumba yenye kabati la vitabu, na ufunguo wake nilitembea nao mfukoni. Sikumsomea hata mmoja wao ukurasa mmoja.