Sahani ya Peke Yake

Musoma, Alhamisi

Na kumbe mimi ndiye niliyemtenga, tena kwa nia njema! Kile chumba cha wanafunzi waliolemewa na mawazo, mimi na Yusufu, dresa wa zahanati ya chuo, tulikipaka chokaa wenyewe. Tukamweka mwanafunzi Magori humo apumzike, mbali na kelele za bweni, chakula tunampelekea kwenye sahani yake. Akagoma kula.

Mkuu wa chuo amechoka kungoja. Kesho Landrova impeleke Dodoma, kwenye hospitali ya vichaa.

Leo jioni Yusufu alifoka: "Matroni, huyu anatuchezea tu!" Akatoka. Mimi nilikuwa na njaa, nikakaa mkekani nikamega ugali kwenye sahani ile ile ya Magori. Akanitazama sana. Kisha akamega naye. Tukala na samaki wake, sato, mpaka akafyonza kichwa.

"Kwetu anayepewaga chakula peke yake ni yule ambaye ukoo umemkataa," akasema. "Kwa hiyo, mama, sijafukuzwa?"

Nikamjibu, "Hapana, mwanangu."

Nimekimbia kwa Mkuu kumweleza. Amesema atafikiri. Lakini niliporudi nimemkuta dereva anaijaza Landrova petroli.