Mawese Yenye Majani ya Mlimao

Jumatatu, 7 Aprili 1997
Nimepata msaidizi wa jikoni — Inamahoro, binti mkimbizi kutoka Burundi. Ulimi kama wake sijauona! Nilimwekea vitu mezani nimpime kama atajua vilikotoka. Chumvi: ya Uvinza. Maharage: ya Kasulu, kule juu kwenye baridi. Dagaa akawanusa tu — hawa walianikwa mchangani hapahapa Kibirizi, siyo kwenye chanja. Nikatafuna mmoja, mchanga huo jinoni. Miaka tisa na mgahawa huu, na mimi kwangu chumvi ni chumvi. Nimeona aibu kidogo. Nimeshampenda.

Alhamisi, 10 Aprili
Makubwa. Asubuhi Inamahoro alichota mawese pipani, akaonja, mwiko ukamdondoka. Kasema mama yake, huko Rumonge, hutia majani ya mlimao anapochemsha mawese mara ya pili. Majirani walimcheka, hakuna aliyemwiga. Yeye na mama yake walipotezana mwaka juzi wakikimbia vita. Na leo ladha ileile imo pipani mwangu.

Nani kaleta? Hapo nilitamani ardhi inimeze. Jumanne nilinunua kwa wachuuzi watatu, nikamimina yote pamoja. Ndivyo tunavyofanya wote hapa, pipa lisionekane nusu. Nimemwomba radhi. Kasema nisijali, dada, ataonja ya kila mmoja.

Jumamosi, 12 Aprili
Jana tulikwenda Katonga kwa wachuuzi wawili kati ya wale watatu. Ya Telesphory — siyo. Ya Selestini — siyo, na kayatema pembeni kwa adabu zote. Mtu huyu!

Leo Hamdani, mchuuzi wa tatu, kaja mwenyewe na madumu yake. Inamahoro kaonja, kafumba macho. Ndiyo haya.

Hamdani kasema anayachukua Kidahwe, kwa Mrundi mmoja. Nikamuuliza, mama mtu mzima? Hapana, kijana wa kiume, mrefu, ana kovu shavuni.

Inamahoro kakaa chini palepale. Mama yake ana mtoto mmoja tu wa kiume, Calixte, mwenye kovu hilohilo, na huyo waliambiwa amekufa, wakamlilia, msiba ukaisha. Tena nyumbani Calixte hakuwahi kusogelea chungu cha mawese, ilikuwa kazi ya mama peke yake. Kwa hiyo kafundishwa baadaye, hukohuko njiani. Kwa hiyo yeye na mama walikutana! Nikapiga vigelegele, wateja wakageuka.

Yeye kaniuliza polepole: kama mama yupo, mbona anapika Calixte?

Nimemfungia dagaa wa safari. Gari la Kidahwe liko nje, konda keshamwita mara mbili. Bado kakaa.