Zile Yadi za Jezi Namba 43

S.L.P. 118,
Tarkett Bluff, Nebraska.
24 Novemba 2024.

Mpendwa kaka yangu Leland,

Pokea salamu za mdogo wako kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Kodiak mkiwa wazima wote, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu tulipozungumza wakati wa Pasaka. Wifi Paulette hajambo? Zile dawa za presha bado zinamkataa, au wamembadilishia? Mwambie namkumbuka sana.

Sisi hatujambo. Verne alibadilishwa nyonga mwezi wa Septemba, na sasa anatembea kwa fimbo mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, akinung'unika njia nzima, kwa hiyo nafahamu amepona. Mahindi yalitoka vizuri ingawa Julai ilitukausha. Paa la kanisa linavuja tena pale pale. Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani na nina watu tisa na bata mzinga mmoja mdogo. Tutajua huko huko.

Kaka, nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe kwenye simu huna subira. Habari isipokupendeza unasema, "Haya Doreen, kuna mtu mlangoni." Sasa kaa kitako usome mpaka chini.

Unajua huu ni mwaka wangu wa thelathini na nane katika kile chumba cha mbao juu ya uwanja wa chuo. Kila Jumamosi ya mpira wa Kimarekani naandika nani amekimbia na mpira yadi ngapi, nani amerusha, nani amedaka, kisha naingiza kwenye kitabu cha rekodi. Sijawahi kukosa mechi ya nyumbani, isipokuwa ile ya siku aliyozaliwa mwanangu Joel.

Mwaka huu tuna kijana anaitwa Tobiah Kinsler, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa wafuga ng'ombe kutoka Vilima vya Mchanga. Mpole, halafu ukimpa mpira huwezi kumshika. Tarehe kumi na tisa Oktoba alikimbia yadi mia mbili na kumi na nne katika mechi moja. Unajua maana yake. Rekodi ya mechi moja ilikuwa mia mbili na kumi na moja, ya rafiki yako Eugene Kolarik wa timu yenu, tangu ile siku ya mvua ya mwaka sabini na nane. Miaka arobaini na sita hakuna aliyeigusa, na huyu mtoto akaivuka kwa yadi tatu. Uwanja mzima ulisimama. Mama yake alilia mpaka kofia ikamdondoka. Kocha akampa mpira wa mechi ile, umechorwa jina lake na tarakimu zake kwa rangi nyeupe.

Gazeti la mji likataka picha ya mzee Eugene enzi zake, waiweke kando ya picha ya kijana. Nikaenda maktaba ya chuo. Kumbe zile filamu za zamani zote wamezihamishia kwenye kompyuta. Nikaketi Jumanne mchana na kikombe changu cha kahawa, nikaitafuta ile mechi.

Filamu haina sauti, na mvua ile unaikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimejifunika turubai na Mama, sikuona hata nusu ya mchezo. Sasa nikauona wote. Robo ya tatu inakaribia kwisha, namba 43, Eugene, anaanguka vibaya, anabebwa na wawili, kifundo cha mguu kimeteguka. Robo ya mwisho inaanza, na namba 43 yumo uwanjani, anakimbia kama hajaumia kitu.

Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Kaka, mimi nimekuona ukikimbia tangu nilipoanza kutembea. Ulikuwa unatuacha shambani, mkono wa kushoto umeutoa nje kiwiko mbele, kama bawa la jogoo. Baba alikuwa akikucheka. Namba 43 alikuwa na lile bawa. Na pembeni, kwenye benchi, yupo mtu amejifunika koti, kifua wazi ndani, mguu juu ya ndoo. Kamera ilimpita mara mbili. Alikuwa Eugene.

Kahawa yangu ilipoa pale pale.

Nikakumbuka zile jezi za kitambaa chepesi zilizotengenezwa makusudi zichanike mtu akizishika. Siku hiyo ulichana tatu. Namba 34 zako zilipokwisha, wakakuvika ya Eugene, kwa kuwa yeye alishatoka. Mwalimu Thorsgard, aliyeshika kitabu kabla yangu, Mungu amrehemu, alikuwa juu na miwani iliyojaa ukungu, anaona tope na namba tu. Namba 43 kwake ni Kolarik, akaandika Kolarik. Nikachukua kalamu, nikahesabu upya. Eugene alikimbia yadi sitini na mbili, basi. Wewe, tisini na nane ukiwa na jezi yako, na mia moja arobaini na tisa ukiwa na yake. Mia mbili arobaini na saba. Nilihesabu mara nne, maana nilitamani nikosee.

Kwa sababu nilimfikiria Eugene. Unajua amekaa miaka yote hii mtaa wa nyuma ya posta, alikokuwa akipeleka barua mpaka alipostaafu. Chuo kilikuwa kikimwalika kila mwaka kwenye chakula cha jioni cha wenye rekodi, na hakwenda hata mara moja. Watu wakasema anaringa. Tangu mkewe Rosemary afariki anaishi peke yake na miti yake ya plamu.

Nilikwenda Alhamisi. Alinifungulia kabla sijagonga, akaniweka jikoni, akanipa kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, alivyooka mwenyewe. Nikaanza kuzunguka: hali ya hewa, nyonga ya Verne. Akanitazama.

"Doreen, umekuja kwa ajili ya jezi."

Nikakirudisha kimkate kwenye sahani.

"Nimekungoja tangu siku ulipokalia ile meza," akasema. "Nikasema huyu binti ana macho, mwaka huu ataona. Mwaka ujao ataona. Umechelewa bwana!"

Ndipo akanieleza uliyonificha wewe. Kwamba mzee Bohumil, baba yake, alikuwa amelazwa, saratani imeshamla tumbo. Kwamba hakuwahi kuja kumtazama mwanawe hata siku moja, maana kwake mpira ni mchezo wa watu wasio na ng'ombe wa kukamua. Jumamosi ile muuguzi akamfungulia redio. Na mtangazaji naye alikuwa anaona namba tu. Robo nzima ya mwisho, Kolarik, Kolarik, Kolarik. Muuguzi alisema mzee aliinuka akakaa kitandani, mtu ambaye alikuwa hajakaa kwa wiki mbili.

"Jumapili tukaingia wodini, mimi na magongo yangu, Leland nyuma yangu," Eugene akaniambia. "Mzee akanishika mkono huu. Nikafungua kinywa nimwambie, Baba, sikuwa mimi. Kaka yako akanifinya bega mpaka likauma, akasema, 'Mzee Bohumil, ungemwona mwanao jana!' Nikafunga kinywa. Na magongo yenyewe mzee aliyaona ndiyo ushahidi wa zile mbio."

Akacheka, kisha akageukia dirishani.

Mzee alifariki baada ya siku kumi na tisa. Eugene anasema baada ya mazishi alikufuata akakuomba mwende kwa Thorsgard mkaseme kweli, nawe ukamjibu, "Umeshamzika baba yako mara moja. Usimzike mara ya pili." Mwaka uliofuata ukamaliza masomo, ukaenda zako Alaska kutengeneza ndege. Yeye akabaki na yadi zako. Anasema kila mara mtu alipompongeza dukani alijisikia kama amevaa viatu vya mwenziwe kanisani.

"Huyu kijana Kinsler ameniondolea mzigo," akasema. "Nilifurahi. Nikasema sasa imekwisha. Halafu usiku nikakumbuka kwamba haijakwisha. Naye wamempa kisicho chake, kama mimi. Andika kweli, Doreen."

Nikamwambia ngoja kwanza nimwulize Leland.

"Ukimwuliza atakataa. Mwandikie ukishamaliza."

Ndiyo sababu hukusikia neno kutoka kwangu, kaka. Nisamehe, au nikasirikie, lakini uendelee kusoma.

Kocha wetu, Brandvold, si mtu mbaya, ila bado kijana na anapenda mambo yake yawe laini. Nilimwonyesha filamu. Akajikuna kichwa.

"Mama Doreen, mtoto ameshapewa mpira wake. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na nani mwingine?"

"Eugene. Na kaka yangu."

"Watatu! Watatu mnaweza kunyamaza."

"Wawili wamenyamaza miaka arobaini na sita, Kocha. Nenda kamtazame Eugene halafu uje uniambie kama imemfaa."

Akaugulia, akamwita Tobiah.

Hapo ndipo roho yangu ilipouma. Kijana aliitazama ile robo ya mwisho mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Huyu mzee anakimbia kama ameiba kuku." Kocha akacheka. Tobiah hakucheka. Akasema, "Tena kwenye tope lile." Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Akaondoka na mkoba wake, na kwa siku nne alinipita kwenye ngazi bila salamu. Verne akanipa pole kwa mtindo wake: "Wewe na ukweli wako." Nikalala vibaya wiki ile.

Siku ya tano kijana akaja mwenyewe kwenye chumba changu. Akasimama mlangoni, akauliza kama anatakiwa kurudisha mpira. Nikamwambia ule mpira umeandikwa mia mbili na kumi na nne, na hizo nilizihesabu kwa macho yangu, ni zake mpaka aingie kaburini. Hakuna anayezigusa. Ila si nyingi kuliko zote. Akafikiri.

"Mia mbili arobaini na saba?"

"Ndiyo."

"Basi tutaona," akasema, na akanisalimu kwa heshima wakati wa kutoka. Jumamosi iliyofuata alikuwa ameziandika kwenye ule mkanda mweupe wa kifundo cha mkono. Hajazifikia. Mechi ya mwisho alipata mia moja sabini na sita, lakini ana mwaka mmoja zaidi, nami nakuonya mapema usilale sana.

Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa tarehe kumi na sita mwezi huu. Eugene alipanda ngazi zote arobaini na mbili mpaka chumbani kwangu, amevaa koti la suti na tai. Nilikuwa nimeshabadilisha kwenye kompyuta, lakini kile kitabu cha zamani cha Thorsgard bado kipo, chenye jalada la kijani. Nikamfungulia ukurasa. Akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni. Akakata jina lake kwa mstari mmoja, taratibu, kama mtu anayekata uzi. Akaandika jina lako kwa herufi kubwa, akaniuliza kama Stroud inaandikwa na "w". Nikamwambia haina.

Wakati wa mapumziko mtangazaji alisoma. Alisema kitabu kilikosea, akasema ni Eugene Kolarik mwenyewe aliyetaka kisahihishwe, kisha akalitaja jina lako: Leland Stroud, yadi mia mbili arobaini na saba. Kwanza watu walitazamana, wanatafuta kuelewa. Halafu wazee wa upande wa mashariki wakaanza kusimama. Verne alisimama na fimbo yake. Chini kwenye mstari wa pembeni mwa uwanja nilimwona Tobiah amevua helmeti, anapiga makofi akitazama juu kwenye dirisha letu. Eugene alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anapumua tu, kama mtu aliyeshusha gunia.

Baada ya mechi nilimsindikiza mpaka kwenye gari, maana ngazi zilikuwa na barafu. Alifungua mlango, asiingie. Akasema kuna neno moja hakuwahi kukuuliza, miaka yote, kwanza kwa aibu, halafu kwa sababu ulikuwa mbali. Anataka kujua, kule uwanjani, mvua inapiga na wewe umebeba mpira, je, ulikuwa ukisikia kipaza sauti kikiita Kolarik? Na kama ulisikia, ulijisikiaje?

Nilimwambia nitakuuliza. Lakini kaka, usinijibu mimi. Anwani yake ni ile ile, nyuma ya posta, na simu yake nimeiandika mgongoni mwa bahasha. Anaamka mapema.

Nisalimie sana wifi Paulette, na mwanao Garrick na mkewe, na yule mjukuu Signe ambaye bado sijambeba. Shangazi Maxine kule kwenye nyumba ya wazee anakusalimu. Siku nyingine ananiita kwa jina la Mama, lakini lako hajalisahau. Joel naye anasema shikamoo mjomba. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe miguu ya kukufikisha unakokwenda na watu wa kukupokea ukifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Doreen