Kadi ya Nyuma ya Kitabu

Mpendwa mshauri,

Gazeti lako nililipata buchani Makambako limefungiwa nyama, nikasoma kwa kidole nikaona unasaidia watu, basi nisaidie na mimi. Barua hii naiandika mwenyewe, leo siku ya tatu, maana shule niliishia darasa la pili, lakini hapa kijijini hakuna asiyenijua, mimi ndiye wa kwanza kuezeka bati, mimi ndiye niliyeleta parachichi watu wakanicheka na leo wanakuja kuniomba miche. Nilikuwa na chumba cha kuhifadhia mahindi nikakitoa kiwe maktaba, watu wa kanisa wakaleta vitabu, akawekwa binti anaitwa Telesia awe anaazimisha, funguo moja anayo yeye na moja ninayo mimi kwa sababu nyumba ni yangu.

Sasa mke wangu Mama Jofrey, tumeishi miaka arobaini na nne, baada ya msiba wa mwanetu akaanza kwenda pale kila Alhamisi, mimi nikajua anakwenda kupiga soga, kumbe kile kisomo cha watu wazima cha zamani hakijamtoka. Mdogo wangu Alois akaniambia, kaka, mkeo anasoma vitabu vya sheria, shauri yako. Nikaenda kwa Telesia nikasema lete daftari nione kaazima nini, akanijibu, "Samahani babu, anachosoma mtu ni siri yake, hata polisi wakija nitawaomba karatasi ya mahakama." Nikamwambia, "Binti, huo ukuta unaouegemea tofali zake nilifyatua mimi." Akasema, "Ukuta ni wako babu, daftari si lako." Maneno hayo naambiwa mimi.

Jumapili watu wakiwa kanisani nikafungua kwa funguo yangu. Daftari sikulipata, lakini kila kitabu nyuma kina kadi kwenye kimfuko, wanaandika jina la anayeazima, nikapitisha kidole kadi moja moja mpaka nikaliona la mke wangu, Cresensia, mara tatu, kwenye kitabu cha mirathi na haki za mjane. Mjane, mshauri, na mimi ni mzima, jembe nalishika mwenyewe. Nikakibeba mpaka kilabu cha pombe ya ulanzi nikawaonyesha wazee, nikasema tazameni, mke wangu ananisubiri nife. Wakacheka, mmoja wao, Hilary, akasema, "Mzee, huyo urefu wa kaburi kashaupima." Nikaendelea kuwasomea majina mengine ya kadi ile ile, yakatoka ya wake zao wawili, hapo kicheko kikaisha na kuna mmoja hanisalimii mpaka leo. Kesho yake nikatia kufuli maktaba. Telesia akarudisha funguo yake, akaondoka kwenda kwao Njombe.

Mama Jofrey aliposikia hakugomba. Alimaliza tuta alilokuwa anapalilia, akanawa miguu, akaondoka. Yuko Lupembe anachuma chai, mama wa miaka sitini na saba, anakaa kwa Judith, aliyekuwa mke wa marehemu Jofrey. Mwanangu huyo alipofariki mwaka jana kikao cha ukoo nilikiendesha mimi, nilikiendesha vizuri hakuna aliyepinga, tukaamua shamba lake la parachichi lishikwe na Alois, Judith akarudi kwao na watoto na godoro lake. Mama Jofrey siku hiyo alitupikia wala hakusema neno. Leo anakwenda kuishi huko, si kunidhalilisha? Salamu aliyotuma ni moja tu, "Mwambieni sikumwombea kifo." Najipikia ugali unatoka mbichi, nakula hivyo hivyo, viatu vyake vya kanisani bado viko mlangoni sijavigusa.

Uniambie, nimshtaki yeye arudi au nimshtaki Telesia aliyeharibu nyumba yangu? Kitabu nimekiweka chini ya godoro. Jina langu usiliandike gazetini, wala kitongoji changu. Mambo ya mtu ni ya mtu mwenyewe.

Mzee mwenye maktaba

*

Mzee wangu,

Kamwene, nakusalimu kwa salamu ya kwenu, na pole kwa mwanao. Pole na nyumba iliyonyamaza. Sasa nivumilie.

Jina lako nimelificha na kitongoji nimekifuta. Majina ya wengine uliyamwaga yote bila kuulizwa, ikabidi niyabadilishe mimi. Umeona ulichoniomba? Umenipa siri yako ukitegemea nitaitunza. Telesia naye alipewa ya mkeo, akaitunza hata mbele ya mwenye nyumba. Binti huyo hakuharibu kitu, alifanya kazi yake. Aliyeingia kama mwizi ni wewe. Nchi hii ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, kwa hiyo kabla hujakimbilia kesi, jiulize nani atasimama kizimbani. Na hakuna baraza litakaloamuru mke arudi kukupikia.

Ulisoma jina kwenye kadi ukaacha kusoma kitabu. Mkeo alianza kwenda maktaba lini? Wewe mwenyewe umeandika: baada ya msiba. Aliwapikia wazee waliokuwa wanamfukuza mkwe wake, akanyamaza, kisha akaenda kutafuta kama mlilofanya ni halali. Mjane aliyekuwa anasoma kwa ajili yake anaitwa Judith. Alikiazima mara tatu kwa sababu anasoma polepole, kama wewe. Mngeweza kusoma pamoja.

Ondoa kufuli leo. Nenda Njombe, mwombe Telesia radhi, umkabidhi funguo zote mbili, na uandike mbele ya kamati kwamba chumba ni cha maktaba na wewe huna ufunguo wake. Wazee wa kilabuni uliowasomea majina ya wake zao, wafuate mmoja mmoja majumbani, uombe radhi kwa wake hao kwanza. Kisha ita ukoo. Kikao ulikiendesha wewe, unaweza kukiendesha tena: shamba la Jofrey lirudi kwa watoto wake na mama yao. Alois akigoma, mpelekeni kwa watoa msaada wa kisheria wilayani, na safari hii ukae upande wa Judith.

Cha mwisho ni kitabu. Kirudishe, halafu ukiazime kwa utaratibu kama watu wengine, jina lako liandikwe kwenye kadi chini ya la Cresensia. Nenda nacho Lupembe peke yako, bila wazee, na umchukulie viatu vyake. Usimwambie arudi. Mwombe akusomee kuanzia alipoishia. Akikubali, kaa chini usikilize. Akikataa, mwachie kitabu na viatu, urudi ukajifunze kupika ugali uive. Wiki mbili za kuazima zikiisha utalazimika kukifuata tena Lupembe ukirudishe maktaba, kwa kuwa kadi yake itakuwa na jina lako.