Wimbo wa Mwalimu na Sauti ya Bosire

Alhamisi, Nyaramba. Mvua imeanza mchana na bado inanyesha, majani chai yanang'aa huko nje. Nimeolewa juzijuzi tu, na tangu hapo hata matope nayaona mazuri. Leo lakini sina raha.

Kesho tunamzika Mwalimu Nyamweya, aliyenifundisha kuimba nikiwa bado shule ya msingi. Alikuwa akitoka Ikonge na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, kuja kufundisha kwaya ya kanisa letu. Familia yake imeniomba nimtungie wimbo wa kumuaga. Nimeuandika kwa solfa, zile do-re-mi, sauti nne, kama alivyonionyesha. Kwenye kiitikio wote wananyamaza, kisha mmoja anapanda juu peke yake.

Huyo mmoja ni mume wangu, Bosire.

Mume wangu! Bado nikiandika hivyo natabasamu kama mjinga.

Kwenye mazoezi leo sauti yake ilipasuka pale juu. Tukarudia, ikapasuka tena. Watu wa besi wakaanza utani. "Bibi harusi, unamlisha nini huyu? Kabla ya kuoa alikuwa anaimba!" Tulicheka wote, hata mimi. Bosire hakucheka.

Tukirudi nyumbani akaniambia, "Kerubo, shusha huo wimbo. Sitaki kuaibika mbele ya jeneza la Mwalimu."

Nikamjibu kwamba Mwalimu hakuwahi kumshushia mtu wimbo. Ni kweli. Kwaya yetu haina kinanda, kiongozi, ambaye kesho ni mimi, anatoa do ya kuanzia kwa mdomo, na Mwalimu alikuwa akiipandisha kidogo bila kutuambia. Tulijikuta tumefika juu hata kabla ya kuogopa.

"Mwalimu alikuwa anatujua," Bosire akasema. "Wewe unajua wimbo tu."

Yaliniingia. Ndio ugomvi wetu wa kwanza. Saa hii anamenya ndizi jikoni, amenipa mgongo, na hata huo mgongo naupenda.

Wacha niseme ukweli hapa. Ile sehemu ya juu sikuiandika kwa ajili ya Mwalimu. Nilitaka waombolezaji wote wainue vichwa waulize, huyo ni nani? Nao waambiwe, ni bwana wa Kerubo. Yaani nilitaka kuringa na mume wangu matangani.

Nimeona haya sana.

Nimeenda jikoni nikamwambia kesho nitatoa do ya chini. Hakugeuka. Akasema, "Usiniambie utatoa gani. Wewe toa, mimi nitakufuata."

Ningefurahi zaidi kama angenigombeza. Sasa sauti yake, na heshima yake mbele ya kijiji kizima, ziko mdomoni mwangu.

Kesho kabla sijatoa do nitamwangalia usoni. Sijui kama namjua vya kutosha kuona anachoweza. Nitajuaje, na tumeoana juzi tu?