Amra na Afisa wa Ghorofa ya Chini

Mjukuu wangu Zuhura,

Tu wazima huku Brussels, na mama yako mdogo amejifungua binti. Umeniuliza kama majeshi ya Ulaya yanaweza kweli kumlinda mtu.

Wakati wa vita vya Bosnia nilikuwa kijana, nikiishi Evere, mtaa wa hapa Brussels. Juu yangu aliishi Amra, Mbosnia, ambaye kaka yake alikuwa katika mji uliozingirwa. Chini aliishi afisa Mjerumani wa mambo ya ulinzi. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umetanda hadi madirishani, mji mzima kama bado unaota. Amra akamsimamisha yule afisa kwenye ngazi.

"Ndege za kivita mnazo. Mnangoja nini?"

"Nchi zetu za Ulaya bado hazijakubaliana."

"Basi kaa, nikueleze kaka yangu ni nani."

Akakaa pale pale, kofia magotini. Nikawaletea chai. Amra alieleza jinsi kaka yake anavyocheka, na sote tukatabasamu, kana kwamba yuko nasi.

Majeshi yalikwenda Bosnia baadaye, kaka yake Amra akiwa ameshafariki. Afisa alipanda kutoa pole. Amra akamshika mkono.

"Safari nyingine," akamwambia taratibu, "kubalianeni mapema."

Akuhifadhi Mungu, mwanangu.

Bibi yako